Masta ya uuguzi wa afya ya jamii na uongozi: kwa manesi wa Tanga mlioko nje

Kama wewe ni nesi wa kwetu Tanga, ulianzia kazi hospitali ya Bombo au Teule ya Muheza au kwenye zahanati huko Pangani, na saa hizi uko Minneapolis, Leeds, Muscat au popote ulipofika, umechoka kukimbizana wodini na unawaza usome masta, hasa hii ya afya ya jamii na uongozi wa uuguzi, basi kaa tuongee kabla hujamlipa mtu hela.

Kwanza tuelewane hapa maana ndo watu wengi wanapopotea. Masta sio leseni. Nimeona watu wanaaplai masta Marekani wakidhani wakimaliza tu wanaingia kazini kama RN (nesi aliyesajiliwa), hapana. Leseni ina njia yake: karatasi zako za shule na za Baraza la Uuguzi na Ukunga zinahakikiwa (wengi wanapitia CGFNS, shirika la kuhakiki karatasi za manesi wa nje, ambalo tangu 2025 linajiita TruMerit), unafanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, jimbo linakupa leseni, ndo sasa unasoma masta na vyuo vingi vya huko vinataka uwe na hiyo leseni ya RN tayari kabla hata hujajaza fomu. Na tofauti na wale wanaosomea nurse practitioner (nesi anayetibu na kuandika dawa), masta ya afya ya jamii au ya uongozi haikupi leseni nyingine juu ya ile ya RN, inakupa nafasi ya kukaa kiti kingine. Uingereza nako vilevile, unaanza na NMC (baraza lao la manesi), mtihani wa kompyuta halafu OSCE (mtihani wa vitendo), ila wao wana kitu kizuri, ukisomea ile kozi ya specialist community public health nursing, yaani health visitor (nesi anayetembelea familia zenye watoto wadogo), nesi wa shule au nesi wa afya kazini, unaandikwa kwenye sehemu ya pekee ya rejista. Kwa mtu anayependa afya ya jamii na yuko Uingereza tayari mimi ningemwambia aanzie hapo, maana mara nyingi unasoma ukiwa umeajiriwa na NHS (huduma ya afya ya serikali yao) na mshahara unaingia.

Sasa swali la pili, kiti gani? Jina la digrii lisikudanganye. Kozi nyingi zinazoitwa "afya ya jamii na uongozi" ukifungua orodha ya masomo unakuta afya ya jamii ni masomo mawili matatu, epidemiolojia, tathmini ya jamii na sera, yaliyobaki yote ni bajeti, sheria za kazi, ubora wa huduma na takwimu za hospitali. Hamna ubaya, ila ujue unanunua nini. Kama ndoto yako ni kutembea na mama wajawazito na chanjo, utaboreka sana. Na kwa Marekani jua pia kwamba cheti cha bodi cha ANCC (wanaotoa vyeti vya ubobezi kwa manesi) cha afya ya jamii ngazi ya juu siku hizi kinahuishwa tu kwa waliokuwa nacho, wapya hawachukuliwi, wakati upande wa uongozi kuna NE-BC, cheti cha viongozi wa uuguzi, ambayo bado ipo hai na waajiri wanaijua. Kwa hiyo kwa kazi za kule uongozi unalipa zaidi, kwa kazi za nyumbani mchanganyiko ndo wenye maana, nitarudi hapo.

Ngoja niseme kidogo wanachofundisha maana watu wanadhani uongozi ni kujifunza kuvaa suti. Chukua hesabu ya watumishi. Kiti kimoja cha nesi wodini, masaa 24 siku 365, ni masaa 8,760 kwa mwaka. Mtu mmoja wa full-time Marekani anahesabiwa masaa 2,080, wiki 52 mara masaa 40. Gawanya, unapata watu 4.2 ili kiti kimoja tu kisikae wazi, na hapo hujaweka likizo, mtu kuugua, mtu kujifungua, semina. Ukiweka hivyo unafika karibu na watano. Sasa kumbuka metroni wa wodi yako ya zamani anapanga rosta kwa kalamu na rula, ana manesi sita na viti viwili usiku na mchana, halafu watu wanamlaumu kwa nini watu wamechoka, jamani hesabu haiingii! Ila tofauti ya kusoma ni kwamba unaweza kuiandika ile hesabu kwenye ukurasa mmoja ukampelekea mganga mfawidhi au mkurugenzi na akaelewa bila kugombana. Hiyo peke yake kwangu ni nusu ya thamani ya digrii.

Upande wa afya ya jamii kuna zoezi wanaloliita windshield survey, unazunguka mtaa kwa gari unaandika unachokiona, nyumba, maduka, watu wanakaa wapi. Wamarekani gari, sisi Tanga baiskeli, na baiskeli ni bora zaidi maana unasimama. Ukizunguka Ngamiani toka Barabara ya Kwanza mpaka zile za juu, ukapita Makorora, ukatoka mpaka Mwang'ombe, utaandika maji yanachotwa wapi, duka la dawa lipo wapi, mama akishikwa uchungu saa nane usiku anapanda nini kufika Bombo na bodaboda anataka shilingi ngapi, wazee wanakaa baraza gani jioni maana hao ndo watakaokuruhusu au kukukatalia. Wewe uliyekulia hapo unayajua nusu tayari, kazi ya darasani ni kukufundisha kuyapanga yawe data. Na usione haya kuutumia mtaa wenu kwenye asaimenti, maprofesa wanapenda, wamechoka kusoma habari za mtaa uleule wa karibu na chuo kila mwaka. Ukifika kwenye historia watakutajia Lillian Wald, nesi aliyeanzisha uuguzi wa afya ya jamii kule, na manesi wake wa Henry Street, New York, 1893, waliokuwa wanapanda ngazi za maghorofa ya wahamiaji, na wewe waambie na sisi 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wamekaa vikundi wanasikiliza redio halafu wanakwenda kuchimba vyoo.

Haya, makaratasi. Hapa ndo panachosha kuliko masomo yenyewe.

Vyuo vikuu vyetu vinahesabu GPA kwa 5, Marekani wanahesabu kwa 4, na masta nyingi zinataka 3.0 ya kwao. Usikae ukaigawanya mwenyewe kwa kalkuleta. Mashirika yanayohakiki vyeti vya nje, WES na wenzao, wanachukua kozi moja moja wanaangalia gredi, kwa hiyo namba inaweza kupanda au kushuka, subiri ripoti ile ya kozi kwa kozi ndo uanze kuchagua vyuo. Transkripti inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja, bahasha imefungwa na mhuri juu ya gundi, au kwa mfumo wao wa mtandaoni kama chuo kinao. Ukimtuma shangazi au mdogo wako kufuatilia, mpe barua ya idhini uliyosaini na kopi ya paspoti yako, na umwambie mara tatu, bahasha ikishafungwa asiifungue hata akiwa na shauku gani, ikifunguliwa imekufa. Waliosoma diploma zamani wana mtihani wao, cheti kinaweza kuwa cha Wizara ya Afya na sio NACTE (baraza la elimu ya ufundi), ambayo sasa ni NACTVET, na chuo chenyewe kimebadilishwa jina, hapo omba barua ya kuelezea hiyo historia mapema kabla hujaulizwa. Na kama una diploma tu bila digrii usivunjike moyo, Marekani ukishakuwa RN kuna njia za kuunganisha mpaka masta, ni ndefu lakini ipo.

Halafu angalia ithibati ya programu, yaani kama imekaguliwa na kukubaliwa na CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua shule za uuguzi Marekani. Kama haina achana nayo hata ada iwe ya bure. Kama ni ya onlaini uliza pia kama wanapokea watu wa jimbo unaloishi, maana kuna majimbo ambako chuo hakina ruhusa. Na mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi Marekani) asidanganyike na matangazo ya masta ya onlaini, kwa F-1 linahesabika somo moja tu la mtandaoni kwa semista, ukienda kinyume umeipoteza hadhi yako. Walioko Uingereza wajue tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kufundishwa haleti mwenza wala watoto, isipokuwa wa utafiti na wale wanaolipiwa na serikali. Usije ukamwahidi mumeo halafu mkaanza kununiana.

Hela. Kwa aliyeajiriwa Marekani anza na mwajiri wako, hospitali nyingi zina fungu la kusomesha na mpaka dola 5,250 kwa mwaka haikatwi kodi. Najua wengi wetu hatutaki riba, na hii haina riba, ila soma mkataba, kawaida wanataka ubaki kazini muda fulani ukiondoka unarudisha. Mwenye green card anaweza kujaza FAFSA (fomu ya msaada wa masomo wa serikali), ila kuanzia Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya na mkopo wa kawaida wa masta una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, kwa hiyo chuo cha ada kubwa kifikirie mara mbili. Skolashipu ya Chevening kwa Uingereza inamtaka mtu mwenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Skolashipu za Commonwealth zinataka uwe unaishi Tanzania, kwa hiyo wewe wa nje mpe taarifa mdogo wako aliyebaki.

Sasa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, hiki ndo kitu ningetaka mkishike. Kwa viwango vipya vya AACN (umoja wa vyuo vya uuguzi Marekani) vya 2021 mwanafunzi wa ngazi ya masta anatakiwa masaa yasiyopungua 500 ya vitendo. Kila mtu wa diaspora anawaza kitu kimoja, nitakwenda kuyafanyia nyumbani, niwaone na wazazi. Inawezekana kwa baadhi ya vyuo, ila haiwi kwa kupiga simu kwa rafiki yako wa Bombo. Chuo kinataka mkataba na hospitali, kinataka msimamizi mwenye digrii ya kiwango wanachokubali, na huku kwetu kuingia kwenye kituo cha serikali kunapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa na mganga mkuu wa mkoa, ukienda kwenye zahanati za halmashauri unapita kwa mkurugenzi na DMO (mganga mkuu wa wilaya). Kama mradi wako unakusanya data za wagonjwa na unauita utafiti, unahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) juu ya kile cha chuo chako, na kama umeshachukua uraia wa nje ongeza kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Ndo maana wengi wanafanya mradi wa kuboresha huduma badala ya utafiti, kwa mfano muda wa kusubiri kliniki ya mama na mtoto, ila hata huo ulizia kwa maandishi kama unahitaji kibali, usijiamulie. Anza hizo barua semista mbili kabla. Sio moja, mbili.

Na kwa nini nasema mchanganyiko unafaa nyumbani: tangu Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao wanatakiwa wasimamiwe, wapangiwe maeneo, wapimwe kazi, walipwe kwa wakati, na anayejua mtaa bila kujua bajeti atakwama, anayejua bajeti bila kujua mtaa atakwama vibaya zaidi. Nafasi kama muuguzi mkuu wa wilaya au za miradi ya mashirika zinamtaka mtu wa namna hiyo.

Ukitaka kurudi, digrii yako ya nje inatambuliwa kupitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na ukiwa mtu wa masta ya mtandaoni waulize TCU kabla hujalipa ada, sio baada ya kuhitimu. Leseni yako ya Baraza ihuishe hata ukiwa nje, maana ikilala miaka kuiamsha ni safari nyingine, na haohao ndo utawaomba barua ya kuthibitisha usajili wako kila jimbo au nchi utakayohamia. Ukija likizo ya Disemba usisubiri wiki ya Krismasi, fika wiki za mwanzo, nenda chuoni na kwenye ofisi za mkoa asubuhi kati ya Jumatatu na Alhamisi, Ijumaa mpaka saa tano uwe umeshamaliza maana baada ya hapo watu wanakwenda msikitini na wengi ndo basi mpaka Jumatatu.