Biskuti za Valentine za darasa zima: sukuma kwanza ndo uweke friji

Mama wenzangu mlioko Marekani, kama una watoto wawili watatu shuleni ikifika tarehe 14 Februari unajikuta unahitaji biskuti 70 hivi, jamani msiweke donge zima la unga wa biskuti kwenye friji, linakuwa gumu mpaka mabega yanauma kulisukuma. Sukuma likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, unene nusu sentimita, ndo uliweke friji nusu saa likiwa bapa hivyo hivyo. Hapo ukikata, kopa (lile umbo la moyo) inatoka na ncha yake kabisa na haitanuki ovyo kwenye oveni. Mimi nakata wiki mbili kabla, napanga kwenye friza na karatasi katikati, halafu tarehe 12 naoka bila kuyeyusha, 350 Fahrenheit, dakika 10 mpaka 12, kingo zikianza tu kubadilika rangi natoa. Ila muulizeni mwalimu mapema, shule nyingi hazitaki karanga na zingine zinapokea vya dukani tu, inauma sana kuambiwa hivyo ukishaoka. Aisingi, ile sukari ya kupamba juu, paka tarehe 13 asubuhi, ikauke vizuri ndo upange kwenye boksi, la sivyo zinagandana.