SOMO: Posti yako imeshushwa? Fanya hivi, inboksi yangu imejaa

Wadau nimechoka kujibu swali moja kila siku. Mimi nauza vinyago hapa Mtwara mjini, na kuna mtandao (siutaji) umeshanishushia picha kwa kosa la "uchi". Kinyago cha mpingo jamani!

1. Piga skrinshoti taarifa waliyokutumia.

2. Angalia wanasema umevunja kanuni ipi, ifungue uisome yote.

3. Hapa ndo nilipoharibu. Nilijua mashine yao ya kukagua picha imekosea, nikaipandisha picha ileile, ikashushwa, nikapandisha tena kwa hasira, kumbe kila ikishushwa unahesabiwa kosa jipya, la tatu nikafungiwa kuposti na mteja wa Dar anasubiri picha. USIRUDISHE posti kabla rufaa haijajibiwa! Wala usiwatukane.

4. Kata rufaa, sentensi mbili zinatosha. Mimi niliandika: "Hii ni sanamu ya mbao. Kanuni yenu ya uchi inaruhusu sanamu." Ikarudi.

5. Kwa Facebook na Instagram, wakikukatalia kabisa una siku 15 kupeleka Oversight Board, ile bodi huru inayopitia maamuzi yao ya kushusha posti. Wanachagua kesi chache sana, ila peleka.

Mdau wa Masasi: Mkuu yangu imeshushwa nifanyeje?

Mimi: Hatua ya 1.

Mdau wa Masasi: Nimesoma juujuu, nipo kazini

Mimi: Ukitoka kazini basi, haikimbii.

Binti Mikindani: Kaka samahani, hivi kutuambia sababu ni wajibu wao au hisani?

Mimi: Swali zuri dada. Ulaya ni sheria, inaitwa DSA (Digital Services Act, sheria ya huduma za mtandaoni), imeanza kutumika yote Februari 2024: lazima wakupe sababu, na malalamiko yako yasiamuliwe na mashine peke yake. Sisi wa huku haituhusu. Kuna Santa Clara Principles za 2018, kanuni zilizoandikwa na watetezi wa haki za mtandaoni na wasomi, nazo zinadai mitandao waseme wameshusha posti ngapi, wakutaarifu, na rufaa isikilizwe na mtu mwingine, sio yule aliyeshusha. Ila hizo ni za hiari, hakuna wa kuwashika.

Mzee wa Kilwa: Kuna kijana anataka elfu 50 airudishe akaunti yangu, anaomba na paswedi

Mimi: Kishoka huyo mzee wangu, usimpe hata mia.

Fundi Newala: Mi naweka tezo na maganda ya mti pembeni ndo napiga picha, sijashushwa tena

Mimi: Hii sikuijua, asante fundi. Kesho najaribu.

Mdau wa Masasi: Skrinshoti ya nini sasa?