Jinsi ya kuwatembeza marafiki Dar ya zamani kwa miguu, kuanzia Feri hadi Kariakoo

Marafiki wakitua Dar kutoka Mbeya au Mwanza, wenyeji wengi huwapeleka Coco Beach kula mihogo, basi. Wakiulizia historia, huambiwa waende Bagamoyo au wavuke kwenda Unguja. Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini hapa, na naipenda njia moja kuliko zote: ile inayoanza baharini na kuishia Uswahilini. Wengi wanaoijaribu huishia Posta. Wakishaona makanisa na sanamu ya Askari, wanapanda gari. Hapo wameona mji wa waliotawala tu. Mji wa waliodai uhuru uko ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Kabla ya kutoka

Chagua Jumamosi, siku ambayo maduka yako wazi na magari yamepungua kidogo. Viatu viwe vya kutembelea, si vya kupigia picha. Beba maji, kofia, na noti ndogo ndogo maana chenji asubuhi ni tabu. Akina dada wabebe mtandio. Gari liacheni nyumbani, pandeni mabasi ya mwendokasi hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni, na saa moja asubuhi muwe mmeshashuka.

Hatua ya 1: Anzeni na samaki

Ingieni soko la Feri wakati mnada bado umechangamka. Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, kwa hiyo mnachokiona ni kazi kongwe kuliko jengo lolote mtakalolipita siku nzima. Waache wageni wasimame pembeni ya meza wasikie bei za changu na jodari zinavyopanda. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ikulu, bandari na pantoni msivipige kabisa.

Hatua ya 2: Fuateni bahari hadi Boma la Kale

Tembeeni kandokando ya bandari, maji yakiwa kushoto kwenu. Mtapita kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulianza 1897 na kukamilika 1902. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na makanisa haya ni ya kipindi hicho. Yatazameni, lakini msimalizie nguvu hapo.

Tulieni Boma la Kale, kwenye kona ya Sokoine na barabara ya Morogoro. Lilijengwa 1866 hadi 1867, enzi za Majid mwenyewe, kwa ajili ya wageni wake. Mwambie mgeni aweke kiganja ukutani: ni mawe ya matumbawe, na unene wa ukuta unamweleza kwa nini ndani kuna ubaridi. Majid alifariki 1870, mji wake haujakamilika. Mimi hupenda kuwaambia wageni hilo wakiwa wamesimama papo hapo, kwa sababu ndipo wanapoelewa jinsi Dar ilivyo changa ukiilinganisha na Kilwa.

Hatua ya 3: Someni jiwe la Askari

Pandeni hadi mtaa wa Samora, mgeuke kulia. Sanamu hii ya shaba ni ya 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Watu hupiga picha na bunduki wakaondoka. Nyie someni maandishi yaliyo chini yake. Yamewekwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na pamoja na askari yanawakumbuka wapagazi, waliobeba vyakula na risasi za jeshi zima katika vita ya 1914 hadi 1918. Waombe wageni wawakumbuke hao wapagazi hadi mchana.

Hatua ya 4: Uhindini, macho juu

Rudini ndani kwa mitaa ya Zanaki, Jamhuri na Indira Gandhi. Chini ni maduka kama maduka mengine. Uzuri uko ghorofani. Juu, mbele ya majengo mengi, mtaona mwaka wa ujenzi, pengine na jina la mwenye nyumba, umechongwa kwenye saruji. Waachieni wageni washindane kutafuta mwaka wa zamani zaidi. Kuleni hapa: kachori, bajia na chai ya maziwa. Mkiwa barabarani, simu ikae mkono ulio mbali na magari, vishandu, yaani waporaji wa pikipiki, hawana salamu.

Hatua ya 5: Vukeni Mnazi Mmoja taratibu

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Wakoloni waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni nyumba za mtindo wa Kizungu, Uhindini maduka na ghorofa, Uswahilini nyumba za miti na udongo. Uwanja huu uliachwa wazi makusudi uwe mpaka kati ya Waafrika na wengine. Kwa hiyo msiuzunguke kwa bajaji. Vukeni barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mtaje yeye ni nani: mwanamama aliyewaingiza wanawake wengi TANU, chama kilichodai uhuru. Simameni kwenye mnara wa Mwenge wa Uhuru, mkae kivulini. Kisha tokeeni mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Chama kilichoing'oa serikali ya kule Kivukoni kilianzia upande huu wa uwanja, na mgeni aliyetembea kwa miguu hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya 6: Kariakoo

Sasa warudishe kwa wale wapagazi: kambi yao ilikuwa hapa. Tazameni jengo la soko kuu lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli miaka ya 1970, na paa lake la zege lenye umbo la miamvuli iliyopinduliwa, linalokusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021. Kuleni ubwabwa kwa mama lishe, mnunue kanga, mrudi nyumbani kabla ya foleni ya jioni.

Jumapili

Asubuhi nendeni Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya uhuru. Sasa ni makumbusho. Ulizeni saa za kufungua kabla ya kutoka. Kutoka hapo pandeni mwendokasi kurudi mjini, Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Nimeyaweka mwisho kwa makusudi: aliyeshautembea mji anatazama picha za zamani akijua ni kona ipi. Msiondoke bila kupita kwa Zinjanthropus, fuvu la kale lililopatikana Olduvai 1959, na kwenye kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Agosti 1998.

Kama wageni wanasafiri jioni hiyo kwa basi, watoke mjini mapema. Stendi ya Magufuli iko Mbezi, na Kimara ikijaa hapapitiki haraka.