Vinara vya Krismasi kutokana na chupa za jemu

Chupa inayofaa kuwa kinara ni ile ambayo mkono wako unaingia mpaka chini. Anza na kipimo hicho kabla hujafikiria kitambaa wala rangi. Chupa yenye mdomo mwembamba haipitishi hewa ya kutosha, kwa hiyo moto unatetemeka, unatoa masizi, na baada ya muda kioo kimekuwa cheusi. Tena utausimamishaje mshumaa wima kama vidole havifiki?

Mimi ni fundi cherehani hapa Tororo, Uganda. Mwezi wa Novemba naanza kuwaambia wateja wasitupe chupa zao za jemu, asali na kahawa, na mimi naweka pembeni vipande vya vitenge vinavyobaki mezani. Za siagi ya karanga siku hizi nyingi ni plastiki, hizo hazifai kabisa. Chupa za soda nazo ziache zirudi dukani. Najua kuna watu wanaozikata kwa uzi uliolowekwa mafuta ya taa na kuwashwa. Ukingo unaobaki unakata kama wembe, na nyumba yenye watoto haihitaji kitu hicho.

Pitisha kidole polepole kwenye mdomo wa chupa, kisha iinue juani uizungushe. Ikiwa na ufa, hata wa unywele, iache iwe ya kuhifadhia vifungo. Kioo cha chupa za jemu hakikutengenezwa kwa ajili ya moto. Sehemu moja ikipata joto kali na nyingine ikabaki baridi, kinapasuka, na kinaanzia pale penye ufa.

Kutoa karatasi ya jina, loweka chupa usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Karatasi itatoka, gundi itabaki. Paka mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na majivu laini yaliyochekechwa, acha kidogo, halafu sugua kwa kitambaa. Osha tena kwa sabuni mpaka utelezi wote uishe, maana mafuta yakibaki hakuna kitakachoshika hapo. Kausha chupa ndani na nje.

Sasa mchanga, na hapa naomba usiwe na haraka. Chukua mchanga wa kujengea, uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke safi, uanike siku nzima, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu ukiukoroga. Mchanga wenye unyevu ukipata joto unatoa mvuke, na kioo kinafunga ukungu. Ukishapoa kabisa, jaza theluthi ya chupa. Mchanga ndio unaoshika mshumaa, unaipa chupa uzito isianguke mtoto akigusa meza, na unauweka moto mbali na kitako cha kioo.

Mchanga huo pia ndio unaoamua mapambo yafike wapi. Kanuni yangu ni moja: kitambaa kisipite usawa wa mchanga. Juu ya mchanga kuna moto na kioo kinapata joto. Chini yake kuna ubaridi, na hapo ndipo kitenge kinakaa salama. Watu wanapenda kufunga utepe shingoni mwa chupa kwa sababu unapendeza. Shingo ndiyo inayopata joto jingi zaidi, kwa hiyo utepe wa shingoni mimi siufungi, hata mteja akinibembeleza.

Gundi naipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Koroga vijiko viwili vya unga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka, endelea kukoroga mpaka weupe uondoke na gundi iwe nzito. Ipoe kwanza. Kata kitenge kipana sawasawa na kimo cha mchanga, paka gundi kwenye kioo na kwenye kitambaa, kibandike ukikilainisha kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni. Vitenge vyenye maua makubwa vinapotea kwenye chupa ndogo. Tafuta vyenye nukta, samaki wadogo au mistari. Acha vikauke mpaka kesho yake.

Ukipata kipande cha lubugo, tumia hicho. Ni nguo inayogongwa kutokana na gome la mti wa mutuba, na UNESCO iliitambua kazi hiyo ya Buganda mwaka 2005. Rangi yake ya udongo mwekundu inapata uhai karibu na mwanga wa mshumaa, na haihitaji pambo jingine. Mimi nikiwa na lubugo kidogo namwekea mama mkwe, kitenge kinaenda kwa wengine.

Siku yenyewe ya mkesha, nyunyiza juu ya mchanga chumvi ya mawe iliyopondwa. Ile ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, ambayo wafugaji huwalambisha ng'ombe, ina chembe kubwa zinazometameta. Usiiweke mapema, inavuta unyevu.

Mishumaa mirefu myeupe ya dukani ikate nusu kwa kisu kilichopashwa moto. Ukate utambi ubaki nusu sentimita. Utambi mrefu unatoa masizi. Chomeka mshumaa katikati kabisa, uzame sentimita mbili hivi, na ncha ibaki chini ya mdomo wa chupa ili upepo usiuzime. Ukiegemea upande mmoja, toa uchomeke upya, kwa sababu moto ukilamba kioo kitapasuka.

Kinara cha kuning'iniza barazani kinahitaji waya laini wa kufungia nondo. Zungusha mara mbili chini ya ukingo, kaza kwa koleo, halafu weka mpini wa waya mrefu wa kama sentimita 30, maana joto linapanda. Ushike kwa kitambaa.

Kabla ya wageni kuja, kiwashe kimoja saa ya mchana ukiwa umekaa karibu, uone kinavyowaka. Usiku kiweke mezani, mbali na pazia na mbali na matawi ya mti wa Krismasi, ambayo yakishakauka yanashika moto haraka sana. Na kamwe, tafadhali, kisiingie chumba chenye chandarua. Umeme ukikatika mtu anashawishika kumwachia mtoto kinara kando ya kitanda ili asiogope giza. Mpe tochi.

Mshumaa ukibaki na sentimita mbili juu ya mchanga, uzime. Usimwagie maji, kioo cha moto hakivumilii. Funika mdomo kwa kifuniko cha bati cha chupa hiyohiyo, moto utakufa wenyewe, kisha acha chupa ipoe hapo ilipo. Asubuhi toa mchanga ulioshikana na nta uutupe, usiuchanganye na mwingine. Mchanga uliokunywa nta nyingi unaweza kuwaka wenyewe kama utambi, kwa hiyo kila mshumaa mpya upate mchanga safi juu.