Kibodi Kuukuu Iwe ya Njia za Mkato

Kibodi yoyote ya USB inatosha, hata ile ndogo ya namba tupu. Kwenye Linux sakinisha keyd, programu ya kubadili kazi za vitufe, iwashe kwa `sudo systemctl enable --now keyd`, kisha endesha `sudo keyd monitor` na ubonyeze kitufe kimoja cha kibodi hiyo. Kitambulisho chake kitaonekana. Unda `/etc/keyd/pili.conf`:

```
[ids]
04d9:1702

[main]
kp1 = C-c
kp2 = C-v
kp3 = macro(Habari space zenu)
```

Weka kitambulisho chako badala ya `04d9:1702` (kp1 ni kitufe cha 1 cha sehemu ya namba, C ni Control, na macro huandika maneno yaliyo kwenye mabano), halafu `sudo keyd reload`.

Usiweke nyota (`*`) chini ya `[ids]`: itanasa kila kibodi, hata unayoandikia. Kibodi mbili za modeli moja kwa kawaida huwa na kitambulisho kilekile, kwa hiyo tafuta za aina tofauti. Ukikwama kabisa, bonyeza Backspace, Escape na Enter kwa pamoja, keyd itazimika.