Kijana Aliyetoroka Kwao Yumo Nyumbani Mwako: La Kufanya Kisheria

Nchini Tanzania, asiyetimiza miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hata akiwa mrefu kukuzidi na akidai kwamba anajitegemea. Ukimlaza rafiki wa mwanao mwenye miaka 15 kwa kuwa amekuambia wazazi wake wamesafiri, kisha ukabaini kwamba ametoroka kwao, swali zito ni ulijua nini, na tangu lini.

Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu humkinga aliyetenda akiamini, kwa dhati na kwa sababu za msingi, hali ambayo kumbe haikuwa ya kweli. Kwa maoni yangu, watu wengi hukwama kwenye hizo sababu za msingi: aliyeuliza jina la shule na kumpigia mzazi simu kwa namba aliyopewa ana la kueleza, ilhali aliyemwona mtoto usiku wa manane, amevaa sare, akanyamaza, atapata tabu kuaminika. Kinga hiyo hukoma pale unapoujua ukweli.

Kwa hiyo, siku hiyohiyo toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa mtoto, hupigwa bila malipo. Ukifika polisi, omba namba ya RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi), kisha andika mwenyewe saa mtoto alipofika na saa ulipotoa taarifa.

Je, uwapigie wazazi kwanza? Mara nyingi ndiyo, lakini muulize mtoto kwanza, kwa upole na faraghani, kilichomkimbiza. Mkoani Mara wapo wasichana wanaotoroka ukeketaji, ambao kwa aliye chini ya miaka 18 ni kosa chini ya kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, na simu yako ya nia njema inaweza kumrudisha mikononi mwa ngariba. Akitaja kipigo, ukeketaji au ndoa, ustawi wa jamii na polisi ndio wawasiliane na familia.

Wakati mnasubiri, usimfukuze usiku, usimfiche ndugu zake wakija na polisi, wala usimgeuze dada wa kazi ili alipie chakula chake.