Picha dhahania kwa kipande cha mkeka na kioo cha dirisha

Hapa Lamu kila mchoraji ana mlango wake wa nakshi, jahazi lake na punda wake. Mimi kitu chenyewe sikichori. Nachukua alama yake tu. Mashine ya kuchapia huihitaji.

Kwanza okota: mkeka uliochakaa, kamba ya makumbi, wavu uliochanika, kiraka cha tanga. Chochote kigumu chenye ncha kiache, kitatoboa karatasi.

Tafuta kioo cha sentimita 30 kwa 40 hivi na uzibe kingo zake kwa utepe. Lowesha karatasi nzito, kisha uigandamize kwenye taulo mpaka iwe baridi mkononi lakini haing'ai. Maji yawe ya mvua ukiyapata. Kisima changu kina chumvi.

Kwenye wino ndipo wengi wanapoharibu. Wino wangu ni rangi ya akriliki. Hukauka upesi, na kaskazi ikivuma ndiyo balaa, kwa hiyo natia matone machache ya glisarini. Tandaza kwenye kioo kwa rola huku ukisikiliza. Ikinata na kulia chwa-chwa, wino umezidi. Ikinong'ona kama kanga mpya inayokunjuliwa, tosha.

Laza mkeka juu ya wino, funika kwa gazeti, gandamiza, bandua. Mistari ya ukili imebaki kwenye kioo. Weka karatasi yako, sugua kwa mgongo wa upawa kuanzia katikati, kisha inua pembe moja uchungulie kabla ya kuibandua yote.

Kioo usikioshe! Weka haraka karatasi ya pili. Hii hutoka hafifu, kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa miaka, nayo ndiyo ninayoitaka. Ya kwanza ina makelele.

Kausha ndani. Niliwahi kuanika juu ya nyumba wakati wa kusi, chapa ikarukia kanga za jirani. Nilimlipa doti nzima.

Ikikauka, paka akriliki nyepesi kwa brashi pana, rangi mbili tu. Mimi hupenda nili na udongo. (Kama ulichapa kwa wino wa mafuta, akriliki haitashika vizuri juu yake.) Jicho likianza kuona tanga au mlango, paka hapo hapo uvifiche. Kila tabaka geuza picha juu chini. Nikishindwa kujua juu ni wapi, natia sahihi kwa nyuma.